Chuma cha Chapati: Kila Milimita na Kilo Yake

Anayekwenda msituni kurina asali, au anayekesha akichochea bani la tumbaku huko Isikizya, hapikii gesi. Ana mafiga matatu na kuni za miyombo, na kuni hazina swichi ya kupunguza moto. Kikaango kilichodumu miaka nyumbani kinaweza kuharibika hapo jioni moja.

Cha alumini ni chepesi na bei yake haitishi, ila kitako chembamba hubenuka. Chapati inaungua katikati na pembeni ni mbichi. Ukikisahau kitupu juu ya makaa yanayopulizwa na upepo, kinaweza hata kuyeyuka, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660. Chenye ngozi nyeusi isiyogandisha ndicho kibaya zaidi: ngozi hiyo huanza kuharibika ikivuka nyuzijoto 260 hivi, na moshi wake si wa kuvuta.

Mfuniko wa pipa unaweza kuupata kwa bei ya kutupa, lakini uliza kwanza pipa lilibeba nini. La dawa ya shambani usiliguse. Bati la kuezekea nalo liache hata ukipewa bure: lina zinki, na likizidiwa na moto mvuke wake huleta homa.

Diski chakavu ya haro ya trekta ni chuma kigumu, na kwa kukaanga nyama sina ubishi nayo. Kwa chapati haifai. Imebonyea, mafuta yanakimbilia katikati, na tundu lake lazima lizibwe kwa kuchomelea, gharama ambayo muuzaji hataji.

Mimi ningeipeleka hela kwa fundi wa kuchomelea anikatie pleti nyeusi, duara la sentimita 40. Hapo hesabu ni nyepesi: kila milimita ya unene ni karibu kilo moja. Ukijua bei ya kilo, unajua utakachodaiwa kabla hamjapatana ufundi. Milimita 4 zinatosha. Ya 6 haipindi kirahisi, lakini inakula kuni kabla ya chapati ya kwanza, tena ni kilo 6 kwenye keria ya baiskeli. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walibeba mizigo mizito zaidi, ila wao walilipwa.

Pleti mpya ina magamba ya kijivu ya kiwandani, na mafuta hayashiki juu yake. Yatoe kwa grenda, au iloweke kwenye siki usiku kucha, isugue, ioshe na kuikausha motoni papo hapo kabla ya kutu. Paka mafuta ya alizeti, futa kwa kitambaa kikavu mpaka ubaki mng'ao tu, weka motoni hadi moshi uishe. Rudia mara nne au tano: rangi itatoka kahawia hadi nyeusi. Ukipaka mengi, yatageuka gundi inayonata vidoleni.

Masika ikifika, ipashe moto kidogo, uipake nta ya nyuki kabla ya kuihifadhi. Na nyanya au ndimu visipikiwe hapo. Asidi yake inakula ule weusi, basi mchuzi upikie kwenye sufuria.