Urusi na Milango ya Bahari

Kama darasa lenu lina ramani ya dunia, itundikeni ukutani kabla ya kuanza somo hili. Tafuteni nchi ya Urusi. Haitawachukua muda, maana hakuna nchi kubwa kuliko hiyo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba milioni 17. Tanzania nzima, Bara na Visiwani, ingeingia ndani yake mara 18.

Sasa fuateni kwa kidole mpaka wake wa kaskazini. Mtaona pwani ndefu kweli kweli. Mtu anaweza kudhani kwamba nchi yenye pwani ndefu namna hiyo haina shida ya bandari. Kumbe sivyo. Bahari ya huko ni ya baridi kali. Majira ya baridi yakifika, maji ya juu huganda yakawa barafu ngumu, hata watu hutembea juu yake. Meli haiwezi kupita. Bandari ya zamani ya Arkhangelsk, iliyoanzishwa mwaka 1584, ilikuwa ikifungwa na barafu karibu nusu ya mwaka.

Basi Urusi ilikuwa kama nyumba kubwa yenye mlango mmoja, na mlango wenyewe hufungwa miezi mingi. Milango mingine ilikuwapo, lakini ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Upande wa magharibi ilikuwapo Bahari ya Baltiki, na pwani yake ilishikwa na Waswidi. Upande wa kusini ilikuwapo Bahari Nyeusi, na hiyo ilitawaliwa na Waturuki.

Siasa ya nchi za nje maana yake ni mpango wa serikali juu ya nchi nyingine: ifanye urafiki na nani, ifanye biashara na nani, ipigane na nani. Siasa ya Urusi imeongozwa na mambo mengi. Kuna hofu ya kuvamiwa, kuna dini, na kuna tamaa ya wafalme. Si kweli kwamba bandari ndiyo sababu ya kila kitu. Lakini mtu akifuata habari za bandari, ataelewa vita vingi ambavyo vingemtatiza.

Tuanze na Tsar Peter. Tsar ni jina walilopewa wafalme wa Urusi. Peter alitawala hadi mwaka 1725. Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Uholanzi na Uingereza, mwaka 1697 na 1698, akajifunza kuunda meli. Hakukaa kitini akitazama. Alishika shoka, akafanya kazi pamoja na mafundi. Aliporudi kwao alitaka bahari ya kuziweka meli hizo. Mwaka 1700 alianza vita na Waswidi. Mwanzoni alishindwa vibaya, akapoteza mizinga yake. Akaamuru kengele za makanisa ziyeyushwe ili itengenezwe mizinga mingine. Vita hiyo ilichukua miaka 21. Kabla haijaisha, mwaka 1703, alianza kujenga mji mpya kwenye pwani ya Baltiki, mji wa Saint Petersburg.

Mahali hapo palikuwa bwawa la matope. Waliojenga walikuwa wakulima walioamriwa kutoka vijijini, pamoja na mateka wa vita. Walisimama ndani ya maji ya baridi, wakapigilia magogo ardhini ili nyumba zipate msingi. Maelfu walikufa kwa homa na njaa. Vitabu vya historia humsifu sana Peter kwa mji huo, lakini majina ya wakulima wale hayakuandikwa popote.

Mlango wa Baltiki ukapatikana. Lakini nao huganda wakati wa baridi. Kwa hiyo watawala wa Urusi wakaelekeza macho kusini.

Katika Bahari Nyeusi kuna rasi moja iitwayo Crimea. Wakazi wake walikuwa Watatari, watu Waislamu, waliokuwa na mtawala wao chini ya ulinzi wa Uturuki. Malkia Catherine wa Urusi alipigana na Waturuki akawashinda mwaka 1774. Mwaka 1783 aliichukua Crimea, na mwaka huo huo ikaanzishwa huko bandari ya kivita ya Sevastopol. Watatari wengi walihama kwao wakaenda Uturuki. Msisahau jina la Crimea, maana tutakutana nalo tena.

Hapo pana jambo la kuangalia vizuri kwenye ramani. Bahari Nyeusi haina njia ya kutokea isipokuwa moja tu. Meli lazima ipite katika mkondo mwembamba wa maji uitwao Bosporus, katikati ya mji wa Istanbul, halafu katika mkondo mwingine uitwao Dardanelles. Pande zote mbili za mikondo hiyo ni nchi ya Uturuki. Kwa hiyo Urusi ilikuwa imepata ukumbi, lakini ufunguo wa mlango wa nje ulikuwa bado kwa jirani.

Tangu hapo Urusi ilipigana na Uturuki mara nyingi. Uingereza na Ufaransa hazikupenda. Ziliogopa kwamba Urusi ikiushika mji wa Istanbul, itatawala biashara ya upande ule wote. Mwaka 1853 vita ilianza tena, na mwaka uliofuata Waingereza na Wafaransa wakaingia upande wa Waturuki. Walipeleka majeshi Crimea, wakauzingira mji wa Sevastopol karibu mwaka mzima. Wanajeshi waliokufa kwa kipindupindu, kuhara na homa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Urusi ilishindwa. Katika mapatano ya mwaka 1856 ilikatazwa kuweka meli za kivita katika Bahari Nyeusi, katazo ambalo ililikataa baadaye, mwaka 1870.

Kushindwa huko kulikuwa na faida moja. Serikali ilitambua kwamba nchi ya watumwa haiwezi kushindana na nchi zenye viwanda. Wakati huo wakulima wengi wa Urusi walikuwa mali ya mabwana. Hawakuruhusiwa kuhama, na waliweza kuuzwa pamoja na shamba. Mwaka 1861 Tsar Alexander wa Pili aliwapa uhuru.

Mlango wa kusini ulipokuwa mgumu, Urusi ilitazama mashariki ya mbali, upande wa Uchina na Japani. Mwaka 1860 ilianzisha bandari ya Vladivostok. Hiyo nayo huganda. Mwaka 1891 ilianza kujenga reli ya kwenda huko kutoka magharibi ya nchi, reli ndefu kuliko zote duniani. Mwaka 1898 iliilazimisha Uchina kuikodisha bandari iitwayo Port Arthur, ambayo haigandi. Tatizo ni kwamba Wajapani nao waliitaka bandari hiyo. Mwaka 1904 waliishambulia usiku, vita ikaanza.

Sasa sikilizeni habari ya meli za Tsar, maana kisa hiki kinaonyesha shida ya Urusi kuliko maneno mengi. Meli za Urusi zilizokuwa mashariki zilizingirwa na Wajapani. Meli za Bahari Nyeusi hazikuweza kwenda kuzisaidia, kwa sababu mapatano ya mataifa hayakuruhusu meli za kivita kupita kwa Waturuki. Zilizobaki ni zile za Baltiki, upande mwingine kabisa wa dunia. Mwezi wa Oktoba 1904 zikang'oa nanga chini ya amiri aliyeitwa Rozhestvensky.

Safari ilianza kwa balaa. Walipofika karibu na Uingereza, usiku, mabaharia waliona vyombo vidogo gizani. Wakadhani ni Wajapani, wakafyatua mizinga. Kumbe walikuwa wavuvi wa Kiingereza na nyavu zao! Wavuvi waliuawa, na Uingereza ikakaribia kuingia vitani.

Meli kubwa ziliizunguka Afrika nzima, zikapita rasi ya kusini kabisa ya bara letu. Meli za siku zile zilikwenda kwa makaa ya mawe, na nchi nyingi zilikataa kuwauzia bandarini. Ikabidi wanunue kwa meli za biashara za Kijerumani na kupakia baharini. Makaa yalijazwa hata vyumbani walimolala watu. Joto la nchi zetu liliwatesa mabaharia waliozoea baridi. Mwanzoni mwa mwaka 1905 walitia nanga katika kisiwa cha Nosy Be, kando ya Bukini, ambayo siku hizi huitwa Madagaska. Walikaa hapo zaidi ya miezi miwili, wengine wakafa kwa maradhi. Hapo ndipo walipopata habari kwamba Port Arthur, bandari waliyokuwa wanakwenda kuiokoa, ilikwisha kuanguka.

Hata hivyo waliamriwa kuendelea. Walivuka Bahari ya Hindi, na tarehe 27 Mei 1905 walikutana na Wajapani mahali paitwapo Tsushima. Wajapani walikuwa wamepumzika, wamefanya mazoezi, na meli zao zilikwenda kasi zaidi. Katika siku mbili meli karibu zote za Urusi zilizamishwa au kutekwa. Zilizofika Vladivostok ni tatu tu. Mabaharia zaidi ya 4,000 wa Urusi walikufa. Walikuwa wamesafiri miezi saba kwenda kufa.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Uturuki iliingia upande wa Ujerumani na kuufunga mlango wa Bahari Nyeusi. Ngano ya Urusi haikutoka, na silaha hazikuingia. Warusi walijenga haraka reli mpaka Murmansk, mahali pa kaskazini sana ambapo, ajabu, bahari haigandi kwa sababu ya mkondo wa maji ya vuguvugu utokao mbali. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1916. Wakati huohuo Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimemwahidi Tsar kwa siri kwamba baada ya ushindi atapewa Istanbul. Hakuipata. Mwezi wa Machi 1917 wanawake waliochoka kupanga foleni ya mkate waliingia barabarani, wafanyakazi na askari wakajiunga nao, na Tsar akaanguka. Mwezi wa Novemba chama cha Lenin kilishika serikali, kikayachapisha mapatano yale ya siri ili kila mtu asome.

Serikali mpya ilikuwa ya kikomunisti, lakini ramani ilikuwa ile ile. Mwaka 1941 Wajerumani waliivamia nchi hiyo, iliyoitwa sasa Umoja wa Kisovieti. Watu kama milioni 27 walikufa. Baada ya maafa hayo viongozi wake walitaka kuzungukwa na nchi watiifu. Wahungari walipoasi mwaka 1956, vifaru viliingia. Mwaka 1968 viliingia Chekoslovakia. Hofu yao ilikuwa na sababu. Tena, Stalin aliidai Uturuki vituo vya kijeshi kwenye ile mikondo. Uturuki iliogopa, ikajiunga na NATO, ule umoja wa kujihami unaoongozwa na Marekani, mwaka 1952.

Huku Afrika, Umoja wa Kisovieti uliwapa silaha wapigania uhuru, kama FRELIMO, na nyingi zilipitia Tanzania. Msaada huo ulikuwa wa kweli. Lakini bandari hazikusahauliwa. Nchini Somalia, Warusi walikuwa na kituo katika bandari ya Berbera. Somalia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1977, Warusi walihamia upande wa Ethiopia. Somalia ikawafukuza, nao wakaweka kituo katika visiwa vya Dahlak, katika Bahari ya Shamu.

Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ulivunjika, zikatokea nchi 15. Crimea ilibaki Ukraine, kwa kuwa serikali ya Kisovieti yenyewe iliikabidhi huko mwaka 1954. Urusi ikawa mpangaji katika bandari yake ya zamani ya Sevastopol. Mwaka 2014 iliichukua Crimea kwa nguvu, na tarehe 24 Februari 2022 iliivamia Ukraine yote. Siku tatu kabla ya hapo, balozi wa Kenya aliliambia Baraza la Usalama kwamba Waafrika nao walirithi mipaka waliyochorewa na wakoloni, lakini waliamua kutopigania mipaka hiyo. Katika Umoja wa Mataifa nchi 141 ziliitaka Urusi iondoke. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi 35 zilizojizuia kupiga kura. Finland na Uswidi, majirani ambao kwa miaka mingi walikataa kuingia NATO, waliingia mwaka 2023 na 2024.

Uturuki ilizifungia njia meli za kivita za pande zote mbili zilizotaka kuingia Bahari Nyeusi. Ngano ya Ukraine ilikwama bandarini, na bei ya unga wa ngano na mbolea ikapanda hata katika maduka ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Julai 2022 yalifanyika mapatano Istanbul, na meli za nafaka zikaruhusiwa kupita. Mwaka mmoja baadaye Urusi ilijitoa. Basi meli zikaanza kutoka Odessa zikiambaa pwani ya Romania na Bulgaria, mpaka zifike kwenye mlango ule ule wa Waturuki.