Mweka haina mchezo: Kilima kinachowakatisha moto wakimbiaji wa Dar

TIMU ikiingia uwanjani ikakamia tangu dakika ya kwanza na kukimbizana na kila mpira, mashabiki wa soka wanajua kitakachofuata. Ikifika dakika ya 70 miguu inakuwa mizito, mabeki wanashika viuno, na mpinzani aliyekuwa anacheza taratibu anaanza kutandaza soka. Mtaani wanasema timu imekata moto.

Hali hiyo hiyo ndiyo inayowakuta wakimbiaji wa ridhaa kutoka Temeke, Kinondoni na viunga vingine vya Dar es Salaam wanaopanda basi kwenda Moshi kukimbia Kilimanjaro Marathon. Tofauti ni kwamba huku hakuna kocha wa kukutoa wala mchezaji wa akiba wa kuingia. Kuna barabara inayopanda, jua, na wewe.

Hawa si kina Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathon wa mwaka 2025. Ni mafundi, walimu, wauza maduka na madereva wanaofanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wengi nauli wanajitafutia, ada ya kushiriki wanalipa wenyewe, na wanajua kabla hata hawajaondoka nyumbani kwamba zawadi ya ushindi si yao. Wanachokifuata ni medali ya kumaliza. Na kati yao na hiyo medali kuna kilima kinaitwa Mweka.

Mchakamchaka wa tambarare

Ukiamka mapema Jumapili ukapita Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Kawe, huwezi kuwakosa. Ni vikundi vya jogging, sare moja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, mtindo ule ule wa mchakamchaka wa shuleni na jeshini. Klabu hii inaialika ile, linapigwa bonanza, maveterani wanacheza mpira, halafu watu wanakaa kwenye supu. Kwa watu wengi hapo ndipo mapenzi ya mbio yalipoanzia.

Ila hapo hapo ndipo mtego ulipo. Mwendo wa kikundi unapangwa ili asiachwe mtu, na nyimbo zinasahaulisha uchovu. Njia nazo ni zile zile, Barabara ya Kilwa au mitaa ya Chang'ombe inayozunguka Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambako sehemu kubwa ni tambarare. Mtu akimaliza kilomita 15 pale bila kutetereka, anajiona yuko fiti. Na kweli yuko fiti, kwa tambarare.

Ghorofa 100 kwa miguu

Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na mbio zinaanzia na kuishia Uwanja wa Ushirika mjini Moshi. Anayekimbia nusu marathon, kilomita 21, haipewi miguu yake muda mrefu wa kuzoea. Anaelekea Mweka, anapanda, anageuza na kurudi. Wa kilomita 42 ana njia ya hila zaidi. Kwanza anapelekwa kwenye barabara kuu inayoelekea Dar es Salaam, ambako hakuna mlima wa kutisha, kisha anarudishwa mjini. Akishamaliza karibu nusu ya safari ndipo anaonyeshwa kilima.

Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa takribani mita 830 kutoka usawa wa bahari, na sehemu ya juu ya njia hiyo inafika kama mita 1,150. Maana yake mkimbiaji anapanda zaidi ya mita 300. Ukihesabu mita tatu kwa kila ghorofa, ni sawa na kupanda ngazi za jengo la ghorofa 100. Mpando wenyewe hauji kwa kishindo. Barabara inapita kwenye migomba na makazi ya watu, inapanda kidogo kidogo, na ukidhani umefika juu inakata kona na kuendelea kupanda.

Kwa mtu wa mpira, hesabu nyingine ni hii. Kiungo anayejituma anakimbia kama kilomita 10 hadi 12 ndani ya dakika 90, tena akiwa na mapumziko katikati. Kilomita 42 ni kama mechi nne mfululizo, na ya tatu ndiyo inachezwa mlimani.

Pale mafuta yanapokatika

Kuna sababu ya kitaalamu inayofanya kilima hicho kiumize kuliko ukubwa wake. Mwili unahifadhi sukari kwenye misuli na ini, na hiyo ndiyo petroli ya mbio za kasi. Kwa watu wengi akiba hiyo inaelekea kuisha wanapokaribia kilomita ya 30. Mwili unabaki kutegemea zaidi mafuta, ambayo yanaungua taratibu, na mwendo unashuka upende usipende. Wakimbiaji wanaita hali hiyo kugonga ukuta.

Kwenye njia tambarare ukuta unakuja peke yake. Moshi, ukuta na kilima vinakutia katikati kwa wakati mmoja. Aliyetoka mbio kule barabara ya Dar kwa sababu miguu ilikuwa myepesi na watu wanashangilia, deni lake analilipa hapa. Ndiyo maana utawaona vijana wenye vifua vipana wamesimama pembeni wameshika magoti, huku mama wa miaka 50 akiwapita kwa hatua fupi fupi, hana papara.

Ikangaa naye alipitia

Asiambiwe mtu kwamba hilo ni tatizo la wanaoanza tu. Tanzania imewahi kuwa na Juma Ikangaa, mwanajeshi aliyeshinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, muda uliobaki kuwa rekodi ya njia ile hadi 2001. Mtu huyo huyo alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Mkenya Ibrahim Hussein alimzidi kwa sekunde moja tu.

Boston inafanana kidogo na Moshi kwa tabia. Mwanzo ni wa kudanganya, tena kule unateremka, halafu vilima vya Newton vinakusubiri baada ya nusu ya safari. Mwaka 1990 Ikangaa aliongoza kwa kasi kubwa tangu mapema. Mwitaliano Gelindo Bordin, bingwa wa Olimpiki ya Seoul, alibaki nyuma akitunza nguvu, akampita kwenye vilima na kushinda kwa saa 2:08:19. Ikangaa alimaliza kwa 2:09:52.

Kama kilima kilimfanyia hivyo mtu wa kiwango kile, mtu wa jogging ya Jumapili anapaswa kuingia kwa adabu.

Mlima utafutwe Dar

Habari njema ni kwamba Dar es Salaam haikosi milima ya mazoezi. Wa Kinondoni wana Wazo na njia za kuelekea Madale. Upande wa Ubungo kuna Goba na mlima wa Chuo Kikuu. Wa Ilala wana Pugu, ukiendelea unaingia Kisarawe. Temeke ndiko kwenye shida kidogo, lakini mabonde ya Kizinga na Mzinga yanayokatizwa na Barabara ya Kilwa yana mipando inayotosha kuanzia. Baada ya hapo inabidi kupanda daladala kuufuata mlima mrefu, angalau mara moja kila wiki mbili.

Zoezi lenyewe halihitaji vifaa. Unapanda kwa dakika moja au mbili, unashuka ukitembea, unarudia mara nne. Wiki zinavyokwenda unafikisha nane. Hatua ziwe fupi, kifua wazi, macho yaangalie mbele mita chache, mikono ifanye kazi. Kipimo cha kasi ni mdomo: ukishindwa kusema sentensi moja nzima kwenye mpando mrefu, umekamia, punguza. Na kutembea sehemu kali si aibu. Anayetembea kwa haraka mara nyingi anafika juu pamoja na anayekimbia kwa kujilazimisha, ila yeye bado ana miguu ya kurudia.

Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aanzie kwa daktari, si mlimani. Na maji yanywewe kwa kiu. Kujijaza maji kupita kiasi kunapunguza chumvi mwilini, nako kunaweza kumlaza mtu hospitali.

Kushuka nako ni kazi

Wengi wakifika juu wanapumua wakidhani ngoma imekwisha. Kumbe bado. Kwenye mteremko misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua, inavutwa huku inakaza, na hapo ndipo inapochanika kidogo kidogo. Aliyejiachia kama lori lisilo na breki kutoka Mweka anafika mjini mapaja yamekuwa mawe, na kilomita za mwisho anazimaliza kwa kuchechemea. Maumivu makali yanakuja baada ya siku moja hadi tatu. Basi la kurudi Dar lina zaidi ya kilomita 500, na wakati wa kushuka ngazi zake ndipo utawajua waliojifunza mteremko na waliojifunza mpando tu.

'Ulikuwa wa ngapi?'

Mtaani swali linalomsubiri ni moja. Mashabiki wamezoea pointi tatu, kwa hiyo mtu akirudi na medali wanataka kujua alikuwa wa ngapi. Akisema alikuwa nyuma huko, wanacheka.

Jibu liko kwenye historia ya nchi yenyewe. Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari kutoka Mbulu alikimbia marathon ya Olimpiki Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alianguka njiani, akaumia goti. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na Akhwari ndiye aliyekuwa wa 57, kwa saa 3:25:27. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshaanza, goti limefungwa bandeji, na alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma amalize.

Wengi wa waliokuwa mbele yake siku ile mashabiki hawawakumbuki hata majina. Yeye anakumbukwa mpaka leo.

Hivyo anayetoka Mbagala au Kawe kwenda Moshi mwakani asijipangie nafasi. Ajipangie kufika chini ya Mweka akiwa bado na nguvu, apande bila kukamia, ashuke na breki, aingie Ushirika kwa miguu yake. Na mazoezi ya kilima yaanze miezi minne kabla, kwa sababu wiki mbili za mwisho hazijawahi kumjenga mtu mapaja.