Volti Zinazopotea Njiani

Unazungusha ufunguo. Taa nyekundu ya chaji inawaka, kisha inasikika "tak!" moja kutoka nyuma ya gari. Basi, kimya. Unajaribu tena: tak. Mara ya sita injini inanguruma kana kwamba haikuwa na neno. Hivyo ndivyo Volkswagen yangu ya mwaka 1972, ile ya mgongo wa mviringo, ilivyonisumbua hapa Tanga kwa miezi miwili, hasa mchana injini ikiwa imeshapata moto. Nikabadilisha betri. Nikanunua stata ya mtumba. Ugonjwa ukabaki palepale.

"Kaka, ulipima au ulikisia?" aliniuliza fundi umeme wa mtaani kwetu.

Nilikuwa nimekisia. Tangu siku hiyo naamini kwamba gari la zamani halihitaji mwenye bahati, linahitaji mwenye subira ya kufuata umeme hatua kwa hatua.

Ufunguo mmoja unaowasha umeme na kuzungusha stata ulianza kuonekana kwenye magari ya Chrysler mwaka 1949. Kabla ya hapo madereva wengi walibonyeza kitufe au kukanyaga pedali ya stata. Urahisi huo ulikipa mzigo mzito kidude kidogo kilichojificha nyuma ya kitasa.

Kwenye Volkswagen hii, betri iko chini ya kiti cha nyuma, na stata iko hukohuko nyuma, ubavuni mwa gia boksi. Ni majirani. Lakini amri ya kuwasha haipiti njia ya mkato. Umeme unatoka nyuma, unakuja mbele hadi dashibodi, unaingia swichi ya ufunguo kwenye pini namba 30, unatokea pini namba 50, kisha unarudi nyuma hadi kwenye solenoidi ya stata. Solenoidi ni sumaku ya umeme: inasukuma kigia cha stata kikamate meno ya flaiwili, na papo hapo inaunganisha betri na mota. Inapoanza kuvuta, hudai makumi ya ampea, na zote hupita kwenye swichi.

Hapo ndipo inapoingia kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Ukinzani wa omu 0.1 tu, ukipitiwa na ampea 30, unakula volti 3. Betri nzima ina volti 12.6 ikiwa imetulia, kwa hiyo solenoidi inapata chakula pungufu. Injini ikipata moto, hali inazidi kuwa mbaya, kwani shaba ikiongezeka joto kwa nyuzi 50 za Selsiasi, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 20. Waya uliosokotwa ndani ya solenoidi unavuta mkondo mdogo zaidi, sumaku inalegea, safari inaishia njiani. Ndiyo maana gari langu lilikuwa linawaka vizuri alfajiri na kugoma saa saba mchana.

Fundi alianza na betri: volti 12.5. Akakaza vichwa vyake, akakagua mkanda wa ethi unaounganisha gia boksi na bodi. Vyote salama. Kisha akaweka gari nyutro, akavuta breki ya mkono, akagusisha sindano moja ya mita pini 30 na nyingine pini 50, akaniambia nizungushe ufunguo na kuushikilia. Swichi nzima, ikiwa imefunga, isingepaswa kupoteza zaidi ya sehemu chache za kumi za volti. Mita ilisoma 2.1.

Kwenye magari haya ya miaka ya 1970, sehemu ya umeme ya swichi ni kipande cha plastiki kinachotengana na kitasa, kwa hiyo ufunguo wako haubadiliki. Tulipokifungua cha zamani, tuliona ulimi wa shaba uliokuwa mweusi, wenye vishimo kama chapati iliyoungua. Kila unapoachia ufunguo, uga wa sumaku wa solenoidi huporomoka na kuzaa cheche. Kila cheche inachoma chembe ya shaba na kuacha kutu nyeusi isiyopitisha umeme vizuri. Sehemu safi zinapungua, mkondo unajibana kwenye zilizobaki, joto linaongezeka, kutu nayo inazidi. Msasa ungeondoa weusi kwa wiki chache tu, kwa sababu uso laini wa mguso ulikuwa umeshaliwa.

Dalili nyingine zina maana yake. Injini ikiwaka halafu ikazima mara tu unapoachia ufunguo, chunguza kwanza pini 15 inayolisha koili. Ukitikisa ufunguo na taa za dashibodi zikapepesa, mguso umelegea.

Tuliweka kipande kipya, tukairudisha stata yangu ya zamani, kisha fundi akafunga rilei karibu nayo. Sasa pini 50 ya swichi inabeba chini ya robo ampea, kiasi cha kuiamuru rilei tu, nayo rilei inachota mkondo mkubwa kwa njia fupi kutoka betri. Lakini rilei isitumike kuficha waya uliochakaa. Na kabla ya kugusa chochote, fungua kichwa hasi cha betri: waya wa pini 30 haulindwi na fyuzi, ukigusa bodi unaweza kuwasha moto.

Kabla ya kufunga dashibodi, fundi alirudisha sindano zake palepale, pini 30 na pini 50. Nikazungusha ufunguo saa saba mchana, injini ikiwa ya moto. Mita ilisoma 0.1, na stata ikazunguka, ileile ya zamani niliyokuwa nimeihukumu bila kuipima.