Madini Gani, na Kiasi Gani?

Si kila maji ya chupa ni maji ya madini. Mengi huchujwa kiwandani hadi chumvi zake zikapungua, pengine madini machache yakarudishwa baadaye. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, maji asilia ya madini sharti yatoke chini ya ardhi, katika chanzo kilicholindwa, na mchanganyiko wake usiwe wa kubadilikabadilika.

Madini hayo hutoka kwenye miamba. Mvua inayozama ardhini hubeba kabonidayoksaidi, ikawa na utindikali kidogo unaoyeyusha mawe polepole. Kwenye mawe ya chokaa maji huchukua kalsiamu. Kwenye jasi huongeza salfeti. Kwa hiyo kila chemchemi ina tabia yake, na matumizi yake hutegemea tabia hiyo.

Lita moja ya Gerolsteiner ya Ujerumani ina takriban miligramu 350 za kalsiamu, kama theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Ni msaada kwa asiyepatana na maziwa. Hépar ya Ufaransa ina salfeti na magnesiamu kwa wingi. Viwili hivi huvuta maji utumboni na kulainisha choo. Lakini Saint-Yorre, ya Ufaransa pia, ina miligramu 1,700 hivi za sodiamu kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku, chakula kikiwemo. Mwenye shinikizo la damu ajihadhari nayo.

Hata maji ya kisima yanaweza kuwa na madini kupita kiasi. Kuzunguka Mlima Meru, Tanzania, miamba ya volkano huyatia floraidi. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto yanayoendelea kukua huweza kupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huharibika. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi hubaki, na maji yakipungua sufuriani hukolea zaidi. Huko Ngurdoto, karibu na mlima huo, wataalamu wameipunguza kwa kuchuja maji kwenye mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Kabla ya kununua, soma lebo: sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na floraidi, kwa miligramu. Kwa anayekula dagaa, maharage na mboga za majani, madini mengi yamo sahanini. Maji salama ya kawaida yanamtosha.