Maradhi ya Wapagazi

Vita vya Wadachi na Waingereza vilifika Dodoma mwezi wa Julai, 1916, jeshi la Waingereza lilipoutwaa mji pamoja na njia ya reli. Kutoka hapo vyakula na risasi vilipelekwa kusini, hata Iringa, na mizigo mingi ilichukuliwa vichwani mwa watu. Apitaye Chang'ombe leo haoni tena nyayo zao.

Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu. Je, waliuawa kwa risasi? La, wengi mno waliuawa na tumbo la kuhara damu, na malaria, na kichomi. Mpagazi alifika kambini jua likichwa, amechoka, pengine amelowa mvua, na kuni ni mbichi. Akapewa unga wa mahindi, naye labda kwao alizoea ndizi. Akaukoroga katika maji ya vuguvugu, akaula haujaiva, kisha akanywa maji ya dimbwi walilolichafua wenzake waliotangulia. Basi tumbo likaharibika, na kesho yake mzigo ukamngoja vile vile.

Madaktari walikuwa wachache, na dawa haikumfaa mtu aliyerudia chakula kile kile. Kilichohitajiwa ni vyungu vikubwa, kuni kavu, mpishi, na choo kilichochimbwa mbali na maji. Jeshi lililojua kuhesabu risasi lilichelewa kuvihesabu vitu hivyo.

Wagogo nao walinyang'anywa nafaka na ng'ombe, mvua zikakosekana, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, tangu 1917 hata 1920.