Seva ya Programu: Yapaswayo Kuulizwa Kabla ya Kulipia Mfumo wa Biashara

Bodi ya SACCOS au mwenye duka la jumla anapoletewa mkataba wa mfumo wa mtandaoni, neno "seva" huwemo katika bei, na mara nyingi ndilo lisiloulizwa swali.

Tovuti ya kawaida ni mfano wa tangazo ubaoni: kila apitaye husoma maneno yaleyale. Seva ya programu ni karani aliye dirishani. Humtambua mteja, hufungua daftari, yaani kanzidata, hukokotoa na kumpa jibu lake peke yake. Mkazi aombapo leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, kazi ya namna hiyo ndiyo hufanyika nyuma ya kioo cha simu.

Makarani hao wana idadi. Tomcat, seva ya programu isiyolipiwa na iliyoenea duniani, isipobadilishwa mipangilio yake huhudumia maombi 200 kwa wakati mmoja. Kila ombi likichukua sekunde 2, hukamilika maombi 100 kwa sekunde. Lakini mfumo wa malipo wa nje ukichelewa, kila ombi likangoja sekunde 20, hubaki 10 tu. Seva haikuharibika, makarani wote wameshika simu wakisubiri kujibiwa. Kununua mashine kubwa zaidi hapo ni kupoteza fedha, ingawa ndiyo dawa ambayo wauzaji wengi huitaja kwanza. Kinachohitajika ni ukomo wa kungoja: baada ya sekunde chache ombi liachiwe na mteja aelezwe hali ilivyo.

Hatari yenyewe huonekana siku ya marejesho. Mwanachama aonapo kioo kimeganda, hubonyeza tena, na marejesho ya mwezi mmoja yakakatwa mara mbili. Mfumo uliotengenezwa vema huupa kila muamala namba yake, hivyo ombi lililorudiwa hutambuliwa na halikatwi upya. Muuzaji atakiwe kulionyesha hilo mbele ya bodi, si kulisimulia.

Swali jingine ni seva ilipo. Ikiwekwa ofisini, umeme, joto na wizi huwa mzigo wa ofisi. Ikikodishwa, mzigo huo humhamia mkodishaji kwa ada ya kila mwezi, na intaneti ikikatika ofisini wanachama walioko kwingine huendelea kuhudumiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, kwa hiyo mkataba utaje nchi zinakohifadhiwa.

Kuhusu nakala rudufu, wauzaji wote husema zipo. Bodi ichague tarehe moja ya mwezi uliopita na kuomba daftari la siku hiyo lirejeshwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.