Chupa ya Bunyore Iliyolia London

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ni maneno ya haki, lakini katika mambo ya nyimbo na santuri sisi watu wa Kenya tumeyapindua. Mara nyingi mcheza kwao hushangiliwa usiku mmoja wa ngoma, kisha huja watu wa mbali wakakusanya nyimbo zake, wakaandika jina lake na kuziweka mahali zisipotee. Leo, msomaji, tuitazame albamu moja ya namna hiyo, iliyorekodiwa London mwaka 1991 na watu watatu wa magharibi mwa Kenya. Tuone ilivyotengenezwa na ilivyotoka, kwani swali linaloletwa nayo latuhusu hata sisi wa Mombasa na Lamu.

Kwanza tujue watu hawa ni wa wapi. Asiyewahi kufika Kakamega huenda akadhani ni mji tu. Wilaya ya Kakamega ya zamani ilikuwa pana. Ilikusanya Navakholo, katika nchi ya Wanyala na mashamba ya miwa, kaskazini-magharibi ya mji wa Kakamega, na upande wa kusini ikashuka kupitia Kisa hadi Bunyore. Siku hizi Navakholo imo katika kaunti ya Kakamega na Bunyore imo katika kaunti ya Vihiga, lakini muziki hauulizi mipaka ya serikali. Eneo lote hili ni la Waluhya, watu ambao ngoma kwao si jambo la pembeni. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Katika nchi hiyo ya ngoma ndimo gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, lilimopata makao. Katika miaka ya 1950 santuri za Mwenda wa Bayeke wa Katanga zilivuma Afrika Mashariki yote, na vijana wengi walijifunza kukwanyua nyuzi kwa vidole kwa kumsikiliza yeye. Waluhya hawakubaki kuiga. Walitengeneza mtindo wao wakauita omutibo, wenye mwendo wa kuinua watu vitini. Aliyeupa mtindo huo jina kubwa ni George Mukabi wa Kisa, aliyeuawa mwaka 1963, nchi ikiwa ndiyo kwanza inapata uhuru. Mukabi aliimba pia kwa Kiswahili, na wimbo wake “Sengula Nakupenda” ulijulikana mbali na kwao. Sisi tuonao Kiswahili cha nyimbo kuwa mali ya Pwani peke yake hatuna budi kumkumbuka mtu huyu wa bara.

Waliofuata nyuma yake ni watatu wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Walijiita Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari, na jina hilo wakabaki nalo hata walipokuwa watu wazima wenye mvi. Omutibo wa awali aghalabu ulikuwa kazi ya mpigaji mmoja mwenye gitaa lake. Hawa walitia magitaa mawili yanayojibizana, wakaongeza sauti tatu zinazoimba pamoja, na juu ya hayo wakaweka chupa ya Fanta.

Msomaji asicheke. Chupa ya Fanta ya kioo ya zamani ilikuwa na mikunjo kuizunguka mwili. Enos Okola aliikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma, nayo ikatoa sauti kali, safi, inayoshika mwendo wa wimbo pasipo kuteleza. Mtu wa Pwani anapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Je, upatu wetu si sinia la shaba? Na vugo wanalopiga kina mama harusini si pembe ya mnyama? Chombo cha ngoma hutambuliwa kwa mkono unaokipiga, wala hakiulizwi kimetoka jikoni au dukani.

Kwa miaka mingi watatu hawa walirekodi santuri ndogo huko Nairobi, zile zenye wimbo mmoja kila upande, na kila wimbo dakika tatu hivi. Ulipokuja wakati wa magitaa ya umeme hawakuachwa nyuma. Walipiga pia kwa majina ya Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Lakini santuri ndogo ina maradhi yake. Huvuma msimu mmoja, huchezwa mpaka ikakwaruzika, na duka likiisha kuuza shehena yake, basi. Msikilizaji alijua wimbo huu na ule, asiweze kuiona kazi yote ya mtunzi kwa pamoja. Ni kama kumjua mshairi kwa beti mbili zilizobandikwa ukutani, na diwani yake hujaiona.

Diwani hiyo ilikuja kutoka Uingereza. Kampuni ya GlobeStyle ya London, iliyoasisiwa na Ben Mandelson na Roger Armstrong, ilizikusanya rekodi zao za zamani ikazitoa mwaka 1989 katika santuri moja kubwa. Mwaka 1991 watatu wale wakasafiri wenyewe hadi Uingereza, wakapiga mbele ya watu, na wakaingia studio London kurekodi albamu mpya. Ilitoka mwaka 1992 kwa jina la “Nursery Boys Go Ahead!”, na huko Marekani ikatolewa kwa chapa ya Xenophile.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Katika albamu hiyo waliingia wageni: wapigaji wa Oyster Band, kikundi cha Waingereza kilichopiga nyimbo za kwao za jadi kwa nguvu za siku hizi, Ron Kavana kutoka Ireland, na watu wa 3 Mustaphas 3. Jina hili la mwisho lisikudanganye, msomaji. Hawakuwa kina Mustafa wa Lamu wala wa Muskati. Walikuwa watu wa Uingereza waliojibandika jina hilo kwa mzaha, na Mandelson mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Kuingiza wageni katika wimbo ni hatari. Mara ngapi tumesikia kazi ya mtunzi wetu ikipelekwa ng’ambo, ikirudi imefunikwa kwa ngoma za mashine na vinanda vya umeme, hata sauti ya mwenyewe ikawa kama mtu aitaye kutoka nyuma ya ukuta? Katika albamu hii haikuwa hivyo. Magitaa mawili ya Bunyore ndiyo yanayoongoza njia, na chupa ndiyo inayoshika saa. Mgeni akiingia, huingia kwa mwendo wa mwenyeji. Waswahili wasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hapoi mgeni akimpokonya kiti. Kwa maoni yangu, fundi wa studio anayelijua hilo ana thamani kuliko mitambo yake yote.

Sasa turudi Pwani, kwani kampuni hiyohiyo ya GlobeStyle haikuishia Bunyore. Mwaka 1988 ilikwenda Unguja kurekodi taarab. Mwaka 1990 ikatoa santuri ya Maulidi Juma na kikundi chake, ya nyimbo za harusi za Mombasa, na pia ikatoa ya Zein l’Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu. Kabatini mwake London, udi wa Zein na chupa ya Okola zilikaa rafu moja. Hapa nyumbani watu wa taarab na watu wa omutibo hawakukutana hata jukwaani, na kila upande ulidhani mwenzake hana muziki ila kelele.

Wala si jambo geni. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ipate kunaswa katika santuri, kwa kuwa mitambo haikuwako Unguja. Wakati ule tulikuwa na udhuru. Siku hizi mitambo ipo Mombasa, ipo Kisumu, na kijana wa Navakholo aweza kurekodi kwa simu aliyonayo mfukoni. Hata hivyo, katika miaka ya 2010 rekodi za Mukabi zilikusanywa tena, na omutibo wa vijijini, akiwamo Shem Tube, ukatolewa katika santuri. Mtoaji alikuwa kampuni ya Kimarekani, Olvido Records. Kwa hivyo tatizo letu halikuwa mitambo.

Siwalaumu wageni hao. Aliyeokota lulu uliyoiacha mchangani hakukuibia, hasa akiwa ameandika kwamba lulu ni yako. Lakini tuyatazame tena maneno ya wahenga. Kutunza kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kumtuza mchezaji, kumbandika noti kwenye paji la uso, na hilo twalijua sana, kila harusi ni shahidi. Maana ya pili ni kuhifadhi. Hilo la pili ndilo tulilowaachia wengine, na lina hasara yake. Mjukuu wa mpiga gitaa wa Bunyore akitaka kusikia sauti ya babu yake, huagiza ng’ambo na kulipa kwa fedha za kigeni. Akisoma maelezo ya nyimbo, huyasoma kwa Kiingereza, na methali za Kinyore zimekwisha kufasiriwa na kupoteza nusu ya ladha.

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji mkutano mkubwa wa hotelini. Kila kaunti ina maktaba au yaweza kuwa nayo. Na itengwe rafu moja, au mashine moja, ya kuweka nyimbo za watu wa hapo, na kila wimbo uandikwe jina la mtunzi, mwaka, na maneno yake kwa lugha aliyoimbia. Kakamega na Vihiga waanze na omutibo, Mombasa na Lamu waanze na taarab, kisha wapelekeane nakala. Watungaji wenyewe nao, kabla ya kutia sahihi karatasi ya kampuni yoyote, ya Nairobi au ya London, waweke sharti kwamba nakala moja ya kazi itabaki nyumbani.

Abana ba Nasery walifika London na chupa yao, wakapiga kama walivyopiga Bunyore, na wakasikilizwa. Wao walikwisha kutimiza wajibu wa mcheza. Wajibu wa kutunza, kwa maana zake zote mbili, bado ni deni juu yetu.